Mwanamume wa Saa Moja na Nusu

Mlingoti uliomleta yule bwana mtaani kwetu niliuchomelea kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo nina haki ya kumchukia kuliko mtu mwingine yeyote. Ilikuwa miaka ile ya tisini, televisheni ndiyo kwanza zinaingia Temeke. Jirani mmoja pale Chang'ombe, mfanyabiashara wa vipuri ambaye mambo yalimnyookea biashara zilipofunguliwa, alinunua seti ya rangi, kisha akaja karakana yetu kutaka bomba refu la kufungia antena. Nikamtengenezea. Nikapanda juu ya bati, nikalizungusha bomba mpaka picha ikatulia, watu chini wakashangilia, nikashuka nimejaa sifa.

Sifa hazikudumu. Kila Jumatano, saa moja na nusu jioni, kulikuwa na kichekesho cha kizungu kuhusu mwanamume mmoja ambaye kazi yake duniani ilikuwa kutafuta mchumba na kumkosa. Wiki hii anafanya mazoezi ya salamu mbele ya kioo. Wiki ijayo anamdanganya mwanamke kwamba yeye ni daktari. Wiki nyingine anajificha nyuma ya kochi kwa sababu wanawake wawili wamegonga mlango kwa wakati mmoja. Akimwona anayempenda, ulimi unakuwa mzito na kahawa inamwagika. Kiingereza chake wengi hatukukipata, lakini ndani ya kile kisanduku kulikuwa na watu wasioonekana ambao kazi yao ilikuwa kucheka. Wakicheka wao, sebule nzima inacheka, kuanzia wenye viti mpaka waliong'ang'ania nondo za dirisha kwa nje.

Mimi nilikuwa mtu wa maneno machache. Nikipita mbele ya wasichana nilitoa salamu macho yakiwa chini, nikaendelea na safari yangu. Miaka yote hakuna aliyeona ajabu. Lakini televisheni ilipozoeleka, vijana wa kijiweni wakanitazama, wakatazamana, wakanipa jina: Saa Moja na Nusu. Nikipita, mmoja anajifanya kumwaga kahawa. Wenzake wanagaragara.

Nilikasirika, na mpaka leo sijamaliza kukasirika. Sikuwa na tatizo lolote. Kwetu Lindi kijana anayepayuka mbele ya mabinti wa watu ndiye anayetiliwa shaka. Kuinamisha macho ni malezi, na maneno ya kuoa hayakuwa kazi yangu hata kidogo. Hiyo ni kazi ya mshenga. Mtu mzima anatoka, anakwenda kwa wakwe, anakusemea. Yule bwana wa kwenye kisanduku alihangaika vile kwa sababu hakuwa na mjomba, hakuwa na mshenga, hakuwa na mtu. Alitupwa peke yake mbele ya mwanamke na kuambiwa ajieleze. Hilo ni jambo la kusikitisha, na sisi tulilifanya la kuchekesha kwa sababu kisanduku kilicheka kwanza.

Basi nami nilikuwa na wangu. Alikuwa fundi cherehani aliyeshonea barazani, nyumba ileile yenye televisheni, maana mwenye nyumba alikuwa baba yake mdogo na ndiye aliyemlea tangu baba yake mzazi alipofariki. Mdomo wake ulijulikana mtaa mzima. Mteja akileta ubishi juu ya kipimo aliusikia mwenyewe na majirani wakausikia. Siku moja pedali ya cherehani yake ilikatika, akaileta karakana. Nilipokuwa nikiichomelea alizungumza tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Fundi, wewe huongeagi?"

"Naongea."

"Lini?"

Nikacheka, akacheka. Toka hapo kila kitu cha chuma nyumbani kwao kikawa kinaharibika. Mara bawaba ya sanduku, mara mguu wa jiko. Mara ya nne nilijikaza nikamwambia, "Nikituma mtu kwenu?" Akanijibu huku anachukua jiko lake, "Nani kakuzuia?" Hayo tu. Kwangu yalitosha kabisa.

Nikamwomba mkuu wa karakana yetu awe mshenga wangu. Alikuwa mzee wa kusini, mpole, anayezungumza taratibu, akipima kila neno. Kosa letu likawa siku. Yeye alichagua Jumatano kwa nia njema: mwenye vipuri alikuwa mtu wa kuzunguka, na Jumatano jioni ndiyo siku pekee ambayo hakosekani nyumbani. Akavaa kanzu na kofia, akaiweka barua ya posa mfukoni, akaenda.

Kesho yake asubuhi alinisimulia. Alikaribishwa vizuri, akapewa soda, akawekwa kitini katikati ya majirani. Televisheni haikuzimwa, ilipunguzwa sauti tu. Akaanza kama inavyoanzwa: kwamba amepita akaona nyumba yenye heri, kwamba ana kijana wake asiye na jiko. Hapohapo watu wa kwenye kisanduku wakacheka. Sebule ikacheka nao. Akasubiri, akaanza tena, akanitaja mimi ni nani na wa wapi. Mtu dirishani akasema, "Saa Moja na Nusu anaoa!" Ndiyo ikawa basi tena. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje.

Barua ilirudi baada ya siku tatu haijafunguliwa. Kwetu hilo ni jibu kamili. Mwenye vipuri aliongeza na maneno: mwanamume asiyeweza hata kumtazama mtu usoni atamlindaje mtoto wa watu?

Kilichoniuma zaidi sikumwambia mzee. Najua binti mwenyewe alikuwemo sebuleni siku ile, amekaa mkekani na wanawake wenzake. Je, naye alicheka? Sikuwa na wa kumuuliza. Na vitu vya chuma vikaacha kuharibika kwao.

Watu wa karakana wakanishauri niachane nayo, wasichana wamejaa mjini. Wengine wakasema nihame mtaa. Nikakataa. Jumatano iliyofuata nilifunga kazi mapema, nikaoga, nikavaa shati langu jeupe, nikamfuata mzee kwake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unakwenda wapi umependeza hivyo?"

"Tunakwenda wote kule. Leo, saa ileile. Wewe utasema, mie nitakaa."

Alinitazama kama niliyepungukiwa akili. "Mwanangu, sijapata kuona mposaji anajipeleka mwenyewe. Watatucheka."

"Walishatucheka, mzee. Wanacho kingine?"

Akafikiri. Kisha akaingia ndani kuvaa kanzu.

Sitasema sikuogopa. Njiani niliomba umeme ukatike, maana mwaka ule mgao ulikuwa haukosi. Haukukatika. Tulipoingia, mlio wa kicheko ulitupokea mlangoni, na sikujua kama ni cha kisanduku au cha watu. Mzee akapewa kiti, mimi nikakaa chini karibu na mlango. Niliona pindo la kanga ya yule binti kule mkekani, sikuinua macho zaidi ya hapo. Mzee akaiweka barua ileile mezani.

"Tumerudi," akasema. "Safari hii kijana amekuja aonekane, msije mkasema ana kilema."

Watu wakaanza kucheka. Mwenye vipuri naye alikuwa amechangamka, ana hadhira, ana televisheni, usiku wake umekamilika. Akageuka kunitazama.

"Haya kijana, sema mwenyewe basi. Unataka nini?"

"Aliyenileta anasema," nikamjibu. "Mie nimekuja kukaa."

Sebule ikalipuka. Nikakaa hivyohivyo. Nilisikia joto mpaka masikioni, lakini sikunyanyuka. Kama walitaka nimwage kahawa, wataisubiri sana. Mwenye vipuri, akitaka kuwamalizia watu kicheko chao, akageukia mkekani.

"Na wewe mwanangu, hebu tuambie mbele ya watu. Unamtaka huyu bubu?"

Wote tukasubiri. Mtaa mzima ulijua ule mdomo. Watu walishaanza kuvuta pumzi wasikie nitakavyochambwa, na mimi pia nilingoja. Kule kwenye kisanduku yule bwana alikuwa akipiga magoti mbele ya mtu, sijui nani.

Hakusema neno. Nikathubutu kuinua macho. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameivuta kanga mbele, anauchokonoa ukindu wa mkeka kwa kidole.

"We, si umeulizwa?" baba yake mdogo akasema, sasa hachekeshwi tena.

Kimya. Watu wa kwenye kisanduku wakacheka peke yao, na mara ya kwanza hakuna aliyewafuata. Mzee wangu akaiweka chini chupa ya soda taratibu, kama alivyofanya mambo yake yote.

"Bwana mkubwa," akasema, "wewe ndiye walii wake, wa kumwozesha. Umemuuliza mwari mbele ya mashahidi, tena mara mbili. Amenyamaza. Mwari akiulizwa akanyamaza, dini yetu inasemaje?"

Hakuna mtu mle ndani asiyejua: kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Hata watoto wa dirishani walijua, wamefundishwa chuoni, kwenye Kurani. Mama mmoja pale mkekani, ambaye wiki iliyopita alicheka mpaka machozi, akapiga kigelegele, na wenzake wakakidaka kabla hakijafika mwisho.

Mwenye vipuri akangoja vigelegele viishe. Akanyoosha mkono, akaizima televisheni.

"Haya, kila mtu kwao," akasema.

Watu wakaanza kutafuta ndala zao. Na mimi nikanyanyuka kuelekea mlangoni.

"Wewe unakwenda wapi? Kaa." Akavuta kiti, akakaa mbele yangu. "Baba yako yu hai?"

"Yu hai. Yuko Lindi."

"Basi mwambie aje."