Mtihani Ndani ya Eda

Mume wangu alifariki muhula wa pili ukikaribia kwisha, na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa muhula wa tatu. Nilihesabu mara nyingi nikiwa nimekaa kwenye mkeka, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: karatasi zangu nyingi zingeniangukia ndani ya eda. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Huvaa nguo nyeupe, hajipaki hina wala wanja, hajifukizi. Mimi nilikuwa mjane na mtahiniwa wa kibinafsi kwa wakati mmoja, na katika Garissa nzima sikumjua mwanamke wa kumuuliza mambo hayo mawili yanavumiliana vipi.

Niseme ukweli, sikuwa mwanafunzi mzuri. Niliacha shule kidato cha pili nikaolewa, na hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimechoka kushindwa. Mume wangu ndiye aliyenirudisha. Alikuwa dereva wa lori la mifugo, mtu wa maneno machache, na nilikuwa namsomea maelezo kwenye chupa za dawa za mbuzi. Siku moja akasema mtu anayeweza kusoma hayo anaweza kumaliza alichoanza. Alinisajili mwenyewe, akaniletea karatasi ya usajili ikiwa imekunjwa katika mfuko wa shati. Miezi michache baadaye figo zake zikakataa kazi. Karatasi ile niliiweka ndani ya msahafu, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu angeitupa.

Tulikaa ua mmoja na mama mkwe wangu, ambaye wote tunamwita Hooyo, yaani mama, pamoja na wifi yangu, binti yake wa mwisho, aliyekuwa kidato cha nne katika shule ya kutwa. Mumewe Hooyo alikufa zamani, kwa hiyo eda aliijua kwa mwili wake. Nilipomwonyesha karatasi ya usajili aliikunja akanirudishia. Kesho yake alivaa akaenda kwa sheikh. Aliporudi alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Amesema unaweza kutoka mchana kwa haja," alisema. "Urudi kabla ya magharibi. Usilale nje. Usijipambe kwa chochote, hata kidogo. Ukivunja moja, mimi sitakuwa na mdomo wa kukutetea."

Nilijua alikuwa akisema na nani kichwani mwake. Ndugu wa mume wangu walikuwa wametuma maneno mara mbili kutoka Hulugho. Walitaka nipelekwe kule nikamalizie eda kwao, mbali na mji, chini ya macho yao. Na Hulugho hakukuwa na chumba cha mtihani cha mimi kuingia. Kama wangenichukua, ile karatasi ingebaki ndani ya msahafu mpaka igeuke manjano.

Basi nikasoma kwa hofu. Wifi yangu alirudi kila alasiri, akala, akatandika madaftari yake mbele yangu, na darasa likaanza. Alikuwa na miaka kumi na minane nami thelathini na mmoja, lakini yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.

"Abaayo, geuza sentensi hii," alikuwa akisema, na abaayo ni dada. "Anza na neno nililokupigia mstari."

"Nimeanza."

"Umeanza, lakini umeishia wapi? Hii sentensi imeingia porini haijaonekana tena."

Sarufi ya Kiingereza ilinitisha kuliko kitu chochote. Kulikuwa na zoezi la kutofautisha sauti, na maneno mawili ambayo wifi yangu aliyatamka kwa midomo miwili tofauti kabisa, masikioni mwangu yalikuwa neno moja. Aliweka kiganja changu mbele ya mdomo wake nisikie pumzi. Nilisikia pumzi, sikusikia tofauti. Usiku nililala nikijua kwamba kuna vitu vilivyopo ambavyo mimi siwezi kuvifikia, na kwamba mtahini hatajali sababu.

Siku moja swali la zamani liliniagiza niandike barua ya rambirambi kwa rafiki aliyefiwa. Wifi yangu alilisoma kabla ya kuona ni nini, kisha akataka kufunua ukurasa mwingine. Nilimwambia aache tu. Niliandika anwani, tarehe, salamu, kisha nikakaa na kalamu mkononi mpaka adhana ya magharibi ikaisha. Nilikuwa nimepokea rambirambi za watu wasiohesabika, na hakuna hata moja ambayo nilikumbuka maneno yake. Nilikumbuka tu nani alileta maji na nani alikaa bila kusema. Niliandika hivyo, kwa Kiingereza changu kibovu. Wifi yangu alisahihisha nyakati za vitenzi, akanipa alama kumi na moja kati ya ishirini. "Ungepata zaidi," alisema, "lakini umeandika fupi mno." Nilikubali. Ilikuwa fupi.

Sayansi nilikuwa sijawahi kuigusa kwa mikono. Miaka yangu ya shule walimu wa sayansi walikuja wakaondoka, wengine hawakumaliza muhula, na kemia tulifundishwa kwa maneno matupu. Mwalimu alichora bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia maji, ubaoni, akasema fikirieni inatiririka, nasi tukafikiria. Kwa hiyo siku sita kabla ya mtihani wa vitendo, kituo nilikosajiliwa kilipowaita watahiniwa wote kwa mazoezi ya maabara, sikuwa na njia ya kukataa. Hooyo aliniruhusu. "Kwa haja," alisema, na nilijua kwamba alikuwa akirudia maneno ya sheikh ili ayasikie mwenyewe.

Niliingia maabara nikiwa mweupe kutoka kichwani hadi miguuni, katikati ya wasichana waliovaa sare. Waliniachia nafasi kubwa kuliko niliyohitaji. Kazi ilikuwa kujaza bureti kwa potasiamu pamanganeti, maji ya zambarau mazito kama wino, kisha kuyadondosha katika chupa mpaka yaliyomo yageuke pinki na kubaki hivyo. Nilimwaga juu ya vidole, nikafunga koki vibaya, ikadondoka tena. Msichana wa pembeni alicheka, si kwa ubaya.

"Msihangaike na sabuni," mwalimu alisema akipita. "Hiyo huondoka kwa ndimu."

Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nikitazama mstari wa bureti. Nilinawa kwa maji, zambarau ikafifia, nikashukuru Mungu, nikaondoka. Nilitembea na mikono ndani ya shuka langu jeupe kwa sababu ya jua. Kile ambacho sikukijua, kwa sababu sikuwa nimewahi kukigusa, ni kwamba ile zambarau ikikaa kwenye ngozi hubadilika. Nilipofika nyumbani ncha za vidole vyangu vitatu na kucha zake zilikuwa za hudhurungi nyekundu, rangi ya hina iliyoshika vizuri.

Na sebuleni alikuwa amekaa shangazi wa mume wangu, aliyefika asubuhi ile kutoka Hulugho.

Nilimpa mkono kabla sijaona. Yeye aliona. Alikishika kile kiganja, akakigeuza, hakukiachia.

"Hina," alisema.

"Si hina, eeddo," nilisema. Eeddo ni shangazi. Sauti yangu ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayesema uongo.

"Mimi nimepaka maharusi hina miaka mingi kuliko umri wako. Mwanangu hajamaliza hata miezi minne kaburini, wewe unatoka mchana unarudi na hina ya vidoleni?"

Wifi yangu alikuja mbio kutoka jikoni. "Eeddo, hiyo ni kemia."

"Kemia ndiye mpaka hina wa mtaa gani?"

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama Hooyo. Alikuwa amesimama karibu na mtungi, na uso wake haukunionyesha kitu. Nilielewa kwamba hakuwa akinishuku tu. Alikuwa amesimama mbele ya sheikh kwa ajili yangu, na sasa doa lile lilikuwa juu yake pia.

"Kesho kuna gari," shangazi alisema. "Tutaondoka naye. Huko atakaa eda kama watu."

Mtihani wa vitendo ulikuwa baada ya siku sita. Nilitaka kusema maneno mengi, na hofu ikanipa moja tu. "Ndimu," nilisema. "Mwalimu amesema inatoka kwa ndimu."

Shangazi alinitazama kama mtu aliyeshika mwizi anayejifunga mwenyewe. "Ndimu? Ndimu tunatia ndani ya hina ili ikolee. Sugua basi. Tuone."

Hapo ndipo niliogopa kweli. Alichosema ni kweli, kila mwanamke wa kwetu anajua. Na ya mwalimu niliyasikia nusu. Je, alisema ndimu, au nilitaka kusikia ndimu? Kama vidole vingezidi kukolea, ningekuwa nimejihukumu mwenyewe mbele ya mashahidi, na ningekuwa nimemwaibisha mwanamke aliyekwenda kuniombea ruhusa.

Hooyo ndiye aliyeleta ndimu. Aliikata vipande viwili, akakaa chini mbele yangu, akauvuta mkono wangu mapajani mwake. Hakuniachia nisugue mwenyewe. Alisugua kwa nguvu, kama anayesugua sufuria, na ndimu ikaingia kwenye kila mchubuko. Sikuvuta mkono. Nilikuwa nikisoma aya ile ya Kursii moyoni na kuikosea katikati na kuanza upya.

Mwanzoni hakikuonekana kitu. Kisha kidole cha kati kikapauka pembeni. Hooyo aliacha kusugua, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akaendelea. Maji yaliyodondoka mapajani mwake hayakuwa na rangi yoyote, na vidole vikawa vidole vyangu tena, isipokuwa kucha, zilizobaki na umanjano kidogo.

Shangazi alikaribia. Alichukua nusu ya pili ya ndimu akasugua ukucha mmoja kwa mkono wake mwenyewe, kwa muda mrefu. Mwishowe akaunusa.

"Ni dawa gani hii?"

"Ni unga wa zambarau," wifi yangu alisema. "Ule mnaooshea vidonda vya ngamia."

"Ule?" Shangazi alirudi kukaa. "Serikali inawatahini watoto wa watu kwa dawa ya vidonda?"

"Ndiyo, eeddo."

"Na ukifaulu unapewa ngamia?"

Hooyo ndiye aliyecheka, mara moja, kwa pua. Lakini shangazi hakuwa amemaliza. Alisema hataondoka nami kesho, ila atangoja. Kama ningerudi hata mara moja baada ya magharibi, gari halingekosekana. Alibaki kwetu mpaka mtihani, na kila nilipofungua daftari nilihisi macho yake kwenye vidole vyangu, si kwenye kitabu.

Asubuhi ya mtihani wa vitendo Hooyo alivaa akanifuata. Hakuwa amesema angekuja. Getini mwanamke mlinzi alinipekua, akapata ndimu iliyofungwa katika ncha ya shuka langu. Sikujua imefikaje pale.

"Hii ni ya nini?"

Hooyo, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, alinyoosha mkono akasema, "Yangu hiyo. Leta." Akaichukua, akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta.

Ndani, bureti zilikuwa zimepangwa, na chupa za zambarau kando yake. Nilifanya mara tatu kama inavyotakiwa. Vipimo vitatu vinapaswa kukaribiana sana, la sivyo unapoteza alama. Vyangu vya kwanza viwili vilikaribiana, cha tatu kilikwenda mbali, kwa sababu mkono uliteleza. Msichana wa pembeni aliandika cha tatu bila hata kutazama bureti, nilimwona. Nami nilijua namba gani ingefaa. Niliishika kalamu juu ya kisanduku kile nikifikiria ile karatasi ndani ya msahafu, na gari la Hulugho. Kisha nikaandika nilichokiona. Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Baada ya siku sita za kutazamwa vidole niliogopa kubeba doa jingine, ambalo ndimu isingelitoa.

Karatasi zilizobaki nilizifanya, siku zikafika, eda ikaisha. Shangazi alirudi kwao bila mimi. Matokeo bado hayajatangazwa ninapoandika haya, na kila simu ya wifi yangu ikilia huacha nilichoshika.

Siku ile nilitoka maabara nikiwa na vidole vitano vichafu badala ya vitatu. Hooyo alisimama nilipotokea getini. Hakuuliza kama nilifaulu. Aliuma ndimu kwa meno, akatema ganda, akashika mkono wangu pale pale mbele ya wasichana na walinzi, akaanza kusugua. Magharibi ilikuwa bado mbali. Hata hivyo alisugua huku tukitembea, na tulitembea haraka.