Mabomba ya Mafuta na Makumbi ya Mama

Watu wakipita Changamwe siku hizi huona gati na mabomba ya mafuta, wakasema ni maendeleo. Mimi nikipita hugeuza uso. Pale mabomba yanapoingia baharini palikuwa na makumbi ya mama yangu, na wallahi sijapata kuwasamehe waliopachukua, wala sijajisamehe mimi.

Makumbi ni yale maganda ya nje ya nazi. Wanawake wa kwetu waliyafukia kwenye tope la ufuoni, wakayaacha miezi mingi yaoze kwa maji ya chumvi. Kisha waliyafukua, wakayaponda kwa magongo hata zibaki nyuzi, wakasokota kamba. Mama alikuwa mjane. Kamba ndizo zilizotulisha, ndizo zilizonipeleka shule. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake, alilorithi kwa mamake, na alama yake ilikuwa kijiti kilichofungwa tambara. Hakuna aliyegusa shimo la mwenziwe. Karatasi hatukuwa nazo, wala hatukuona haja yake.

Miaka michache kabla ya Uhuru likazuka jambo la mafuta. Tuliambiwa kwamba nchi itakayojitawala haiwezi kukaa roho juu ikingoja mafuta ya watu. Lazima iwe na gati la meli za mafuta, mabomba, na matangi ya kuweka akiba, ili hata meli zikikosekana, magari na treni ziende. Maneno mazuri. Nani angeyapinga? Hata mimi niliyapigia makofi, msichana wa miaka kumi na saba, Uhuru umenijaa mpaka kooni.

Tangazo likabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mudir, mkuu wa serikali wa pale kwetu. Nililisoma mimi, kwa kuwa nyumbani msomaji nilikuwa peke yangu. Lilisema wapimaji watakuja Jumatatu, na mwenye mali ufuoni aionyeshe, iandikwe alipwe fidia. Nikamweleza mama neno kwa neno.

Mama alisikia kitu kimoja tu, kwamba wageni wanakuja.

"Waje wakanyage vijiti na matambara yale?" akaniuliza. "Watasema wanawake wa hapa wachafu. Nenda kang'oe, ufagie."

"Mama, tangazo lasema tuonyeshe."

"Tutawaonyesha kwa mdomo. Hebu nenda."

Nikaitika abee, nikaenda. Hiyo ndiyo adabu niliyolelewa nayo, na ndiyo iliyotumaliza. Wenzake mama waliponiona nang'oa, nao wakang'oa vyao, maana hakuna aliyetaka kuonekana mchafu peke yake. Kufikia adhuhuri hapakuwa na alama hata moja. Tulikuwa tumezoa majani ya mkoko na kusawazisha tope kwa mchanga, ufuo ukawa safi kama ua wa nyumba yenye harusi.

Wapimaji walikuja wanne, pamoja na karani wa kuwatafsiria. Tukawapa madafu, wakanywa, wakashukuru. Mama akaanza kueleza, hapa langu, pale la fulani, akielekeza kidole kwenye mchanga mtupu. Alizungumza kitambo kirefu, na karani akatafsiri maneno machache mno. Mkubwa wao akatazama, akapiga picha, akaandika.

Baadaye tuliitwa ofisini. Yule karani akatusomea kwamba ufuo ni mtupu na hautumiwi na mtu, na picha ipo. Wenye minazi kule juu walitajwa, kwa sababu minazi ilionekana.

"Lakini tulipafagia kwa ajili yenu," mama akasema.

Karani alikuwa mtoto wa Pwani kama sisi. Alielewa vizuri sana, akainamisha macho, na hakuandika kitu. Hasira yangu kwake haijapoa hata leo.

Tulipewa wiki moja. Tukafukua makumbi kabla ya wakati wake, bado magumu. Mama akayaponda siku tatu, nyuzi zikawa zamkatikia mikononi, asipate hata kamba ya kufungia mbuzi. Kisha tingatinga zikaja.

Uhuru ulipofika nilicheza ngoma na wenzangu. Mama hakutoka ndani. Alikuwa ameanza kuwafulia watu nguo, kazi aliyoionea haya mpaka mwisho. Nchi ikapata akiba yake ya mafuta. Sisi tulinunua mafuta ya taa kwa chupa, na mara nyingine hata hiyo chupa ilitushinda.

Kwa miaka mingi hakulitaja jambo lile, nikadhani amemwachia Mungu. Hata siku moja, yu mgonjwa, nikimwosha miguu, akanitazama.

"Wewe ulisoma," akasema. "Ulijua."

"Nilijua, mama."

"Mbona hukunikatalia?"

Mikono yangu ikasimama ndani ya maji. Aliyeniuliza hivyo ndiye aliyenichapa utoto wangu wote nisije nikamjibu. Nilitaka kumwambia. Nilitaka kumpigia kelele, Mungu anisamehe. Badala yake nikamwomba radhi, kwa kuwa hata siku ile sikuthubutu kumkatalia.