Dakika za Judica

Judica alizaliwa kijiji cha Tlawi akiwa anasikia kama mtoto mwingine yeyote. Alipokuwa darasa la nne aliugua homa ya uti wa mgongo, akalazwa muda mrefu, na alipopata nafuu aliona midomo ya mama yake inacheza bila sauti kutoka. Alidhani mama anamtania. Mama naye alidhani mtoto amekuwa mkaidi, mpaka siku sufuria ilipoanguka nyuma yake na asigeuke.

Parokia ilimtafutia nafasi katika shule ya viziwi, mkoa wa mbali. Huko alijifunza lugha ya alama na ushonaji, na huko alimpata Leticia, msichana kutoka Bukoba ambaye alikuwa akilala naye kitanda kimoja cha ghorofa, mmoja juu, mwingine chini. Walikuwa wakiongea kwa mikono mpaka mlezi anapozima taa. Walipomaliza shule, kila mmoja alirudi kwao, kisha Leticia akapata kazi Dodoma.

Judica alifungua chumba cha kushonea katika mji mdogo wa Dongobesh, jirani na stendi. Sisi wateja wake tulizoea. Unamwonyesha kitambaa, unamwonyesha mtindo, anakupima. Jambo likiwa gumu unaliandika kwenye simu, anasoma. Kusema alijua, kwa kuwa alijifunza kusema kabla ya kuugua, lakini watoto wa kijijini walimcheka sauti yake ilipobadilika, na tangu hapo akaacha. Wengi wetu tuliamini ni bubu.

Hapakuwa na mtu hata mmoja Dongobesh aliyejua lugha ya alama. Judica na Leticia waliandikiana ujumbe wa simu, ila ule ulikuwa ujumbe tu. Leticia alikuwa mtu wa kuchekesha kwa uso na mabega, na hayo hayaandikiki.

Basi mwaka 2014, siku ya mnada, wakala wa kampuni moja ya simu alikuja na meza na mwavuli. Alikuwa na simu pana yenye kioo, na picha kubwa ya watu wawili wanaoonana huku wakiongea. Judica aliacha cherehani, akaja, akaandika swali kwenye simu yake: “Hapa Dongobesh nitamwona rafiki yangu aliyeko Dodoma?”

Wakala alisoma, akatabasamu, akaandika: “Utamwona vizuri kabisa, dada.”

Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Unapewa simu, unalipa kila mwezi, na ndani ya malipo hayo unapata intaneti na dakika nyingi za kuongea. Judica alitia sahihi.

Jumapili, baada ya misa, alikaa mlangoni pake penye mwanga na kumpigia Leticia. Uso wa Leticia ulitokea. Judica aliinua mikono yote miwili kwa furaha mpaka simu ikaanguka. Alipoiokota, Leticia alikuwa ameganda, mkono mmoja hewani. Alama nusu haina maana yoyote. Judica alisubiri. Picha iliporuka, mkono ulikuwa umeshafika kwingine na sentensi imeisha. Leticia naye alikuwa anamwona Judica ameganda. Mwishowe waliandikiana tu, kama zamani.

Alipanda kilima nyuma ya misheni, akajaribu. Alijaribu alfajiri, watu wakiwa bado hawajawasha simu zao. Mnara wa Dongobesh wakati ule ulipitisha sauti na ujumbe, picha inayotembea haukuiweza. Wakati huohuo, kila mwezi simu ilimletea ujumbe: “Mpendwa mteja, una dakika nyingi za kuongea. Zitumie kabla hazijaisha muda wake.”

Alisafiri mpaka Babati, kwenye ofisi ya kampuni. Mhudumu alikuwa kijana mmoja aitwaye Kenneth. Alianza kusema naye, Judica akaonyesha masikio yake na kutikisa kichwa. Kenneth akapandisha sauti mpaka watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Alipoelewa aliona aibu, akamvutia kiti. Alisoma maelezo yote aliyoandika Judica, kisha akamwandikia: “Kuvunja mkataba unapiga namba hii ya huduma kwa wateja.”

“Mimi ni kiziwi,” Judica aliandika.

Kenneth aliisoma sentensi ile, akaandika: “Pole sana, dada. Mfumo unataka mwenye laini aongee mwenyewe. Mimi sina uwezo wa kubadilisha.”

Judica alirudi Dongobesh na namba. Mlango wa pili kutoka kwake Marieta alikuwa na duka la nafaka, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwepesi wa kusaidia. Marieta alipiga, akafungua spika ili yeye mwenyewe asikie vizuri huku anapima mahindi.

“Wewe ndiye Judica?” aliuliza binti wa upande wa pili.

“Hapana, mimi jirani yake. Yeye hasikii.”

“Samahani mama, utaratibu wetu ni kumsikia mwenye laini.”

“Nakwambia hasikii.”

“Naelewa, mama. Lakini lazima tusikie sauti yake.”

Marieta alimwandikia Judica: “Wanataka sauti yako.” Aliandika akiwa na hasira, akijua haiwezekani. Judica alisoma. Kisha aliichukua simu, akaisogeza mdomoni.

“Mimi Judica,” alisema. “Sisikii. Mnanilipisha kuongea. Mliniambia nitamwona rafiki yangu. Simwoni.”

Sauti ilikuwa nzito, isiyopanda wala kushuka, na maneno mengine yalilalia upande. Marieta alikuwa jirani yake miaka mingi na hakuwahi kuisikia. Aliliweka debe chini. Binti wa simu akasema taratibu, “Asante, dada Judica. Nimekusikia. Nitalipeleka ombi lako kwa wakubwa.” Marieta alimwandikia Judica maneno hayo.

Jibu lilikuja kwa ujumbe siku chache baadaye. Mkataba hauwezi kuvunjwa wala kubadilishwa mpaka muda wake uishe. Judica alimpa Marieta asome, akarudi kwenye cherehani, akashona upindo wa gauni moja, akaufumua, akaushona tena.

Wiki hiyo alikuja mama Fransiska, mjane wa huko juu mlimani, kuchukua kitenge chake. Mwanawe Joakimu alikuwa machimboni Mirerani na hakuwa amesikika tangu masika. Simu ndogo ya mama haikuwa na salio. Alikuwa anamwomba Marieta ambipie Joakimu tu, simu ilie mara moja na kukatwa, na Marieta, bila kufikiri sana, akamwonyesha Judica, mwenye dakika zisizotumika. Judica alielewa. Akampa simu.

Mama Fransiska aliongea Kiiraqw, lugha ya huku kwetu, kwanza amesimama, halafu amekaa kwenye benchi, halafu machozi yanamtoka huku anacheka. Judica aliacha kazi akamtazama. Simu ilipokatika, alimwuliza kwa macho: amesema nini? Mama alifikiri namna ya kumweleza. Alichora tumbo kubwa hewani, kisha akakunja mikono kama amepakata mtoto na kuibembeleza. Joakimu amepata mtoto. Judica alicheka kwa sauti, mbele ya watu.

Habari ilienea. Wakaja wengine, wengi wao akina mama, na kila aliyeongea alimweleza Judica kwa mikono yale aliyoambiwa. Walikosea sana. Judica aliwarekebisha: mtoto ni hivi, mvua hivi, mgonjwa hivi, amekataa kurudi ni hivi. Si wote waliokuwa na adabu. Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu aliongea mpaka Judica akamnyang'anya simu sikioni.

“Unalipia wengine waongee,” Marieta alimwandikia siku moja. Ilikuwa kweli, na malipo yalimuumiza. Kuna miezi alishindwa kununua nyuzi. Hasira pia haikumwisha. Kila mwezi aliiandikia kampuni malalamiko yaleyale, na hakujibiwa.

Mkataba ulikwisha mwaka 2016. Wakala mwingine alikuja kumshawishi aendelee. Judica alimwandikia maneno mawili tu, “Mnara kwanza,” akaendelea kupima nguo.

Pasaka iliyofuata, Leticia alipanda basi na kuja mwenyewe. Alishuka stendi akiwa na mfuko wa senene, panzi wa kuliwa wa kwao Bukoba, na kabla hajauliza njia, Judica alikuwa ameshamkimbilia. Mchana ule mama Fransiska alipita kwa Judica. Leticia alimwamkia kwa alama, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa, bila kutegemea kujibiwa. Mama akaitikia marahaba kwa mkono wake mkavu wa jembe, kisha akamwuliza, kwa mikono, kama huko atokako mvua imenyesha.

Leticia alimgeukia Judica, macho yamemtoka. Judica alianza kumweleza. Maelezo yalikuwa marefu na yalitaka mikono yote miwili, na Marieta, aliyekuwa amewapikia ugali na kuku, aliwaangalia mpaka chakula kikapoa.