Msiba Ulivyofikishwa kwa Nyuki

Nilipokuwa mtoto, mama yangu aliwahi kwenda kuwapasha nyuki habari za msiba, na mimi nilikuwepo. Najua inavyosikika. Nikiisimulia hapa Columbus, kwenye nyumba tunayopanga wanafunzi karibu na chuo, Wakenya ninaokaa nao hucheka mpaka wakishika mbavu. "Neema, acha story!" Nami nawaacha wacheke. Wakishamaliza huniomba niendelee, na nikiendelea hakuna anayecheka tena.

Ilikuwa Louisville, mwaka 2015 hivi. Tulikuwa bado wageni, tumetoka kambini juzi tu, tunakaa mtaa wa Iroquois kwenye jengo ambalo ukipanda ngazi unajua nani leo kapika sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu Kongo, na nani kaunguza maharage. Mama alikuwa ameacha kazi ya kupanga maboksi ghalani, akapata kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Mzee aliyepewa alikuwa Bibi Hilda, mama wa Kijerumani, mke wa mkulima, aliyeishi na mumewe nje ya mji, kule ambako mabasi ya jiji hayafiki. Shule zilikuwa zimefungwa na nyumbani hapakuwa na mtu wa kubaki nami, basi Bibi Hilda mwenyewe akasema, mlete mtoto. Nadhani alinihitaji pia. Kiingereza cha Mama kilikuwa "yes" na "thank you", cha Bibi Hilda kilikuwa kizito kama ugali wa jana, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao wote wawili.

Jamani, mama yule alikuwa amefanya kazi! Mikono yake ilikuwa mipana, vidole vimepinda kwa miaka ya kukamua ng'ombe. Alizaliwa kijijini Ujerumani, akaiona vita akiwa mtoto, akaolewa na askari wa Kimarekani aliyeitwa Walter, akavuka bahari kwa meli akiwa binti mdogo hajui neno la Kiingereza. Mama mkwe wake alikaa mwaka mzima akimwita "yule". Alilima tumbaku akiwa na mimba, akaitundika ghalani akiwa na mtoto mgongoni, akaoka mikate, akachachusha kabichi kwenye mitungi, akajifunza lugha kwa kusikiliza redio huku anaosha vyombo. Nilipomtafsiria Mama habari ya mtoto mgongoni, Mama alimtazama upya kabisa. "Kumbe bazungu nabo banabebaka?" akasema, na tangu siku ile akawa anamwita Mama Hilda, kwa heshima.

Nyuma ya ghala la tumbaku, kwenye mteremko wenye nyasi ndefu, ilikuwepo mizinga yake. Bibi Hilda hakuwahesabu nyuki kama mifugo. Alisema ni watu wa nyumba. Kwao, alivyofundishwa na mama yake, jambo lolote kubwa likitokea nyumbani, mtoto kazaliwa, binti kaolewa, mtu kafa, lazima mmoja aende akawaambie. Anagonga mzinga kwa ufunguo wa mlango wa nyumba, ili wajue ametumwa na wenyewe, kisha anasema. Na kifo hakingoji. Wasipoambiwa kabla marehemu hajazikwa, wanaondoka. Hawagombi, hawaumi mtu. Wanaondoka tu.

Hili hakulisikia tu kwa watu. Lilimpata. Alizaa mtoto wa kike, Anna, mtoto akafa kwa homa ya kifua katika baridi yao ya pili pale shambani. Yeye alikuwa kitandani hajiwezi, mumewe aliona ni upuuzi wa kule ng'ambo, mtoto akazikwa. Majani yalipoanza kuchipua alikwenda kufungua mizinga akaikuta mitupu. Hakukuta nyuki waliokufa. Hakukuwa na chochote. Alipokuwa ananieleza haya alikuwa anamenya viazi, na kisu hakikusimama hata mara moja. Mimi ndiye niliyesimama.

Nilipomtafsiria Mama, akatoa sauti ya kuguna. "Huo ni uchawi, Neema. Usiwe unasikiliza." Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa, mtu wa mikesha ya maombi kila Ijumaa. Wafu ni wa Mungu, nyuki ni wa asali, mambo yameisha.

Lazima niseme na jambo jingine hapa, maana bila hilo hamtaelewa. Mimi na Mama hatukuwa vizuri siku zile. Koko wangu, mama yake Mama, ndiye aliyenilea mpaka tulipopanda ndege. Tulipoondoka alirudi Uvira, kwetu Kongo, akisubiri karatasi zake za kutufuata, na kila Jumapili tulikuwa tunaongea naye kwa simu. Tangu baridi simu zikakatika. Nikiuliza, Mama anasema kule mtandao mbaya. Nikiuliza tena, anasema nimchokoze mtu mwingine. Mtoto si mjinga. Niliona anapiga simu kwa shangazi zake kule kule na mtandao ni mzima. Nikajiambia hataki tu koko aje, anaona atamlisha nini. Nikaanza kumjibu kwa Kiingereza, lugha aliyokuwa haiwezi, na nikawa najifungia bafuni akiniita. Sikuwa namwonea haya wala huruma.

Mwisho wa likizo ile Babu Walter akafa. Alikufa kitandani mwake alfajiri, kimya, bila kusumbua mtu. Tulipofika asubuhi tulimkuta mtoto wao wa kiume, Martin, ameshafika kutoka Buffalo, aliitwa jioni baba yake alipozidiwa akaendesha gari usiku mzima, mtu mkubwa mwenye nywele za mvi, macho mekundu. Mwili ulikuwa ungali ndani. Mazishi yalikuwa kesho yake.

Bibi Hilda alikuwa kitandani chumba cha pili. Alikuwa amevunjika nyonga miezi ya nyuma, na kiti chake cha magurudumu kisingepanda mteremko ule wa nyasi ndefu. Alikuwa ameshika ufunguo wa nyumba mkononi. Alikuwa anamwambia mwanawe aende, na Martin anamwambia, "Mama, tafadhali. Ni nyuki. Nina mambo chungu nzima leo." Akatoka nje kupiga simu. Nadhani alikwenda kulia, lakini wakati ule nilimwona katili.

Bibi Hilda akanigeukia. Sijawahi kuona mtu mzima ananiangalia vile, kama vile mimi ndiye mkubwa.

"Mwambie mama yako," alisema. "Walter akizikwa hawajaambiwa, wataondoka kama walivyoondoka kwa Anna. Sitakuwa na mtu. Mwambie siwezi kuyapitia hayo mara ya pili."

Nikatafsiri. Mama alikuwa anakunja mashuka. Akayaweka chini. Nilijua atakataa, na nilikuwa nimeshatayarisha jinsi ya kulisema kwa adabu.

"Yeye anaendaga kuwaambia namna gani?" Mama akauliza.

Nikaeleza: ufunguo, kugonga, kusema.

"Vile tu? Ghafula?" Mama alikuwa na hasira, kweli kabisa. "Bon. Mutu habamuambiaka kifo amesimama. Hata kama ni nyuki."

Akampigia simu Mama Furaha, rafiki yake wa kwaya.

Kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Mtu wetu akifiwa na ndugu aliye mbali, hapigiwi simu akaambiwa. Watu wanaitangulia habari. Wakubwa wanakusanyika, wanakwenda kwake kama wageni, wanamsalimu, wanahakikisha amekaa, amekula. Ndipo mmoja anasema, na wengine wako pale kumshika. Kumtupia mtu kifo ovyo ni kama kumpiga. Mama hakuamini habari za nyuki hata kidogo. Alichoshindwa kuvumilia ni kuona msiba unapelekwa bila adabu.

Mama Furaha akaja kwa gari, na kitenge chake cha msibani na maneno yake mengi. "Mama Neema, weye umerukwa na akili? Pasteri akisikia?" Lakini alikuwa ameshavua viatu. Tukapanda mteremko sisi watatu, Mama mbele na ufunguo, Mama Furaha na mkeka, mimi na sinia la maji ya sukari ambayo Mama alikuwa ameyakoroga jikoni. Nilikuwa naogopa kuumwa. Mama aliliweka sinia mbele ya mizinga, tukakaa kwenye mkeka, miguu tumeikunja. Jua lilikuwa linawaka. Nyuki wakaanza kushuka kunywa, wachache, halafu wengi.

"Banyuki ya Mama Hilda," Mama akasema, "muko bazima?"

Mama Furaha akanifinya, nusura acheke.

"Mukule kwanza."

Tukangoja wamalize kula. Nasema kweli, tulikaa pale kama watu walioketi sebuleni kwa wenyewe, tunaangalia wenyeji wanakula, hakuna anayeharakisha. Hata Mama Furaha alinyamaza, jambo ambalo si dogo. Kisha Mama akainuka kwa magoti, akagonga kila mzinga kwa ufunguo, taratibu, akarudi akakaa.

"Bon. Muzee Walter amekufa. Amekufa mu kitanda yake, hakuteseka. Mama yenu angali. Anawaomba mubakie naye."

Nyuki wakanyamaza.

Nimejaribu kulieleza jambo hili mara nyingi na sijapata maneno. Mvumo ule wa mizinga ulikuwa masikioni mwetu tangu tufike, umeshakuwa kama hewa, na ghafula haukuwepo. Nilisikia nyasi zikigusana. Nilimsikia Mama Furaha anameza mate. Mwalimu mmoja chuoni alinieleza juzi kwamba ukigonga mzinga nyuki hubadili sauti, ni mtikisiko tu. Sawa. Sikubishana naye. Lakini Mama aligonga kwanza na wao wakaendelea kuvuma. Waliponyamaza ni aliposema. Nywele zilinisimama mwili mzima, na hivi ninavyoandika zimesimama tena.

Halafu ukaanza mvumo mwingine, wa chini, mzito, kutoka mizinga yote kwa pamoja. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti kama ile. Ilipanda kupitia ardhini mpaka kwenye mkeka, nikaisikia mapajani. Mama Furaha akasema, "Yesu wangu," bila mzaha wowote.

Na Mama, ambaye alikuwa amemaliza alichotumwa, hakuinuka. Aliendelea kuiangalia mizinga.

"Na mama yangu naye amekufa," akasema. "Kule Uvira, wakati wa baridi ya huku. Balinitumia message ku simu. Nilikuwa nimesimama ku kazi. Nikamaliza maboksi. Sikuambia mutu."

Mama Furaha akageuka. "Mama Neema! Tangu baridi? Peke yako?" Akamkumbatia kwa nguvu mpaka wote wawili wakaanguka upande, na Mama akalia. Sijawahi kusikia kilio kama kile tena, alilia kama mtu anayetapika. Nyuki hawakumgusa. Walikuwa wanatembea kwenye kitenge chake na kwenye mkono wake, na hakuna aliyemuuma, wala kuniuma mimi au Mama Furaha.

Mimi nilikaa. Koko wangu amekufa. Nililielewa pale pale, lote kwa mara moja, nikiwa na nyuki kwenye goti, na mkono wa mama yangu ulitoka katikati ya vile vitenge ukanitafuta mpaka ukanipata kichwani.

Tuliporudi ndani Bibi Hilda hakuuliza kitu. Alikuwa ameacha dirisha wazi. Aliyaona macho ya Mama, akanyoosha mikono yake ile, akamvuta, wakakaa wamekumbatiana kitandani bila tafsiri yangu. Kesho yake Walter alizikwa. Nyuki walibaki. Walikuwepo majira yale yaliyofuata, na yaliyofuata tena, mpaka Bibi Hilda alipohamia Buffalo kwa mwanawe na kumwachia jirani mizinga.

Jumapili ile Mama aliweka matanga ya koko, hatimaye. Tulitoa makochi nje, tukatandika mikeka, watu wakajaa mpaka kwenye ngazi. Katikati ya mchana nikamwona Martin anapandisha kiti cha magurudumu, jasho linamtoka, amekumbatia mkate mkubwa mweusi. Yeye aliyesema ni nyuki tu. Bibi Hilda alikuwa na gauni lile lile alilozikia mumewe. Akina mama wakampa nafasi kama vile walikuwa wanamngoja. Wakaimba, naye akavuma nao, bila maneno.

Baadaye akaniita karibu.

"Na wewe," akauliza, "umeambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na Mama. Siku ile, pamoja na nyuki."

Akaitikia kwa kichwa. Kwake hapakuwa na ajabu. "Vizuri," akasema. "Basi utabaki."

Nilidhani anazungumzia matanga, kwamba nisiende kucheza nje. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa alichokiona. Nyuki wake wa kwanza walikuwa wamehama kimya kimya kwa sababu hakuna aliyewapa heshima ya kuwaambia, na mimi, mtoto wa miaka tisa, nilikuwa nimeshaanza safari yangu. Nilikuwa najibu kwa Kiingereza, nafunga milango, nauondoa moyo wangu kwa mama yangu kidogo kidogo, na yeye alikuwa hajui anaachwa. Usiku ule wa matanga nililala kitandani kwa Mama, nikamuuliza koko alikuwaje alipokuwa msichana, na akanisimulia mpaka nikasinzia.