Simu Ndani ya Bahasha ya Dani

Nawasimulia aibu hii mwenyewe kwa sababu Akinyi, mpenzi wangu, ameshawasimulia wenzake kazini, na afadhali mnicheke nikiwapo. Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Nina digrii, na bado nikiagiza chai najiuliza kama nimeiagiza vizuri. Basi siku ya kwanza kwenda kwao Akinyi, kule Otonglo, kujitambulisha kwa baba yake, nilijiandalia majibu ya kazi, dini na ukoo, na sikuulizwa hata moja.

Mzee alisikia kwamba nakusanya stempu, akafurahi, akaleta bahasha ambayo marehemu baba yake alimtumia mama yake kutoka Kampala, enzi zile stempu moja ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mama huyo, bibi yake Akinyi ambaye nyumba nzima humwita Dani, yaani nyanya, alikuwa ameketi pale pale kwenye kochi.

"Kijana, hii ni ile ya kawaida ama ile ya maana?" Mzee akauliza.

Jibu lilikuwa "sijui". Lakini nani anayeomba binti husema "sijui" siku ya kwanza? Nikaeleza kwamba stempu mbili zaweza kufanana kama mapacha, tofauti ikawa ni alama iliyofichwa ndani ya karatasi, na ikiwa kichwa chini basi hiyo ni adimu. Kuibandua kwa maji hakukuwezekana, maana nusu ya muhuri wa posta ilikuwa juu ya stempu na nusu kwenye bahasha (na Dani alikuwa akinitazama). Nikaiinua dirishani, sioni kitu. Ndipo nikagundua bahasha ilifunguliwa upande mfupi, nikatoa barua nikamkabidhi Dani, nikawasha tochi ya simu yangu, nikaichomeka simu ndani.

Iliingia vizuri ajabu. Stempu ikawaka kama dirisha la kanisa. Nikaanza kuona kitu, labda taji, nikasema "Ehee!" kama daktari, Mzee akasogea, na hapo ndipo simu ilipoanza kuita.

Kuivuta, haitoki. Imebanwa kama mguu ndani ya kiatu cha kuazima, na nikivuta zaidi karatasi inalia. Simu inatetemeka, bahasha inatambaa mezani, stempu inawaka. Nikaamua (kuwaza sana si kuwaza vizuri) kuikata simu kwa kubonyeza kioo juu ya karatasi, nikabonyeza, nikasugua, kumbe nimeipokea kwa spika, na sauti ya rafiki yangu Brayo ikajaa sebule nzima:

"Wewe! Wamechinja kuku ama ni omena tu? Na mzee, ni mkali vile ulikuwa unaogopa?"

Akinyi akajifunika uso kwa leso. Mimi nikaiinamia bahasha nikasema kwa heshima zote, "Brayo, tafadhali, niko na wazazi."

"Usinidanganye bana, sema tu ni kuku wangapi!"

Dani akainua kichwa. "Nani huyo anaongea ndani ya bahasha ya marehemu mzee wangu?"

"Ni rafiki yangu, Dani. Pole sana, Dani."

"Mzee wangu hakuwa anauliza kuku ni wangapi. Alikuwa anakula tu."

Mzee akaangua kicheko hadi akashika ukuta. Kisha akaenda kutafuta makasi, nami (mjinga) nikasema sawa, tukate pembeni kidogo tu. Dani akaweka mkono juu ya bahasha.

"Hakuna makasi hapa. Hii nimeitunza tangu nikiwa msichana. Simu ndiyo itangoja."

"Itangoja mpaka lini, Dani?"

"Mpaka ulete wazee wako tuongee mambo ya huyu msichana. Hiyo siku tutaona vile inatoka."

Nikarudi mjini bila simu, bila kujua kama stempu ile ni adimu, nikiwaza njia nzima kama nimefukuzwa, mpaka Akinyi akanieleza, polepole, kwamba hakuna nyumba inayomkataa mtu kisha ikamwitia wazee wake. Wazee wangu wanaenda mwezi ujao. Nami nimeapa: mtu akinionyesha stempu iliyo juu ya bahasha yake, nitaitazama, nitaisifu, na mikono yangu itabaki mfukoni.