Msiba wa Kukaa Mmoja Mmoja

Wengine huwakumbuka bibi zao kwa harufu ya mawese jikoni, au ya sabuni ya mche kwenye kanga. Mimi namkumbuka wa kwangu kwa harufu ya klorini. Juzi nilinawa mikono mlangoni mwa zahanati, maji yakatoka na ule ukali unaopanda puani, na kabla sijajifuta nilikuwa nimesharudi upande wa Litapunga, kwenye uwanja usiofagiwa, nina miaka tisa na miguu imejaa tope. Nilisimama pale mpaka mama aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia siumwi. Sikumwambia kwamba nimemkumbuka bibi yangu.

Mwaka ule kipindupindu kiliingia kwetu pamoja na mvua. Sisi tulikaa Kawajense, mjini Mpanda, ambako baba aliendesha boza la maji. Babu na bibi walikaa kijijini Litapunga. Babu hakufa kwa kipindupindu, nilisema hivyo shuleni mara nyingi kwa sababu watoto walinikimbia. Alianguka shambani kwake ameshika jembe, watu wakasema ni presha. Ila alichagua wiki mbaya. Siku chache kabla, mtendaji wa kijiji alikuwa amepita na pikipiki akitangaza kwa kipaza sauti mambo ya lazima na yasiyo ya lazima, na watoto wa jirani walinisomea tangazo lote wakiwa wamebana pua ili sauti itoke kama ya kipaza. Zahanati ya lazima. Mashine ya kusaga ya lazima, maana watu hawawezi kula punje. Vilabu vya pombe, mama ntilie, ngoma na mnada vimefungwa mpaka itangazwe tena. Kuzika ruksa, watu wachache, mkishafukia kila mtu kwake. Matanga hapana.

Makaburini Mtendaji alisimama kando, kijana mwembamba mwenye shati la mikono mirefu, akihesabu watu kwa macho. Bibi alimfuata.

"Baba, na kulia nako mmekufunga?"

"Kulia ruksa, mama. Kukaa ndiyo hapana. Kukaa, kupika na kulala."

"Sasa mtu analiaje kasimama?"

Mtendaji akarudia kuhesabu watu. Baba yangu alimzika babu saa saba, na saa tisa alikuwa njiani kurudi mjini, kwa sababu kambi ya wagonjwa haiwezi kukaa bila maji na dereva mwenzake alikuwa amelazwa humohumo. Aliniacha mimi nimsaidie bibi kuchota maji na kukoka moto. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nikadhani ni vumbi, wakati mvua ilinyesha tangu asubuhi.

Kwetu mfiwa hapiki, hafagii uwanja, na hulala chini kwenye mkeka. Watu ndio humfanyia yote hayo, wakikaa naye hadi siku ya kuanua tanga. Siku hiyo uwanja hufagiwa na mfiwa hurudi kitandani kwake. Bibi alishuka chini kama desturi inavyotaka, ila hapakuwa na watu wa kumnyanyua. Ardhi ilikuwa na baridi ya masika na kifua chake kikaanza kukohoa. Nilimwomba apande kitandani, nikambembeleza, mwishowe nikamfokea kabisa, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea kofi.

"Tanga halijakaliwa, mke mwenzangu," alisema. "Litaanuliwaje?"

Mke mwenza ni mimi. Bibi, Mkonongo wa kabila, alinitania hivyo tangu nizaliwe, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wa kike, na babu aliniita mke mdogo, akinipa mguu wa kuku mbele ya bibi ili tu amwone amenuna. Sasa utani ule ulikuwa umenifanya mjane. Niliuchukulia kwa uzito wote. Nilivua viatu, nikakataa kufagia, nikatandika kanga yangu kando ya mkeka wake. Nilimsikiliza akikohoa na kuwaza kwamba asiponyanyuliwa upesi atamfuata babu, nami nitakuwa nimemtazama tu.

Njia ya kwenda mashineni ilipita pembeni mwa uwanja wetu. Siku ya tatu, Mama Kulwa, jirani wa Kisukuma mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alipita na ndoo ya mahindi kichwani. Akaitua. Akanawa kwenye ndoo ya klorini iliyowekwa getini kwa amri ya Mtendaji, akaketi kwenye ncha ya mkeka, akaanza kulia polepole. Bibi naye akalia kidogo. Kisha Mama Kulwa akajitwika ndoo, akaondoka. Baada yake alipita mwingine na mahindi, halafu mwingine. Hawakuwahi kukutana wawili. Hakuna aliyekula wala kunywa chochote. Jioni ile bibi alimaliza kikombe kizima cha uji, nami nilifurahi hadi nikaimba.

Mtoto wa mjini ana macho lakini hana akili. Niligundua kitu na nikajiona mjanja. Ndoo ya Mama Kulwa ilikuwa na ufa uliozibwa kwa plastiki ya kuyeyusha, huwezi kuichanganya na nyingine, na siku moja ilipita mara tatu ikiwa na mahindi yaleyale. Sikuiona ikirudi na unga hata mara moja.

Mtendaji alipokuja siku hiyohiyo kuongeza dawa kwenye ndoo, aliniuliza kama watu wanakusanyika hapa. Nilijibu kwa adabu zote nilizofundishwa.

"Hapana, shikamoo. Wanapita mmojammoja kwenda mashineni. Ila mahindi ya Mama Kulwa hayasagiki, leo ameyapeleka mara tatu."

Mama Kulwa alikuwa ndiyo kwanza anatokea njiani. Alisikia. Mtendaji alimtazama yeye, akatazama mkeka na bibi aliyekaa juu yake, akafunga kopo lake la dawa na kuwasha pikipiki. Mama Kulwa aligeuza na ndoo yake.

Kesho yake hakupita mtu. Keshokutwa pia. Mashine tuliisikia inanguruma kule ng'ambo, kwa hiyo watu walikuwa wanasaga, ila walizungukia njia ya mtoni. Bibi hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliacha kunitania. Aliniita kwa jina langu la shule, uji ukaganda kwenye kikombe, na kikohozi kikawa kirefu. Nililia nyuma ya nyumba, kwa sababu nilijua ni mdomo wangu uliofukuza watu.

Siku iliyofuata, jua limeshapanda, nilimwona Mtendaji anakuja kwa miguu. Kichwani alikuwa na ndoo ya mahindi. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanaume mzima, tena wa ofisi, akijitwika ndoo. Wanaume wa kule hupakia gunia kwenye baiskeli. Aliishika kwa mikono miwili na shingo imekakamaa. Akaitua, akanawa muda mrefu kuliko alivyotuagiza, akavua viatu, akaketi chini kwenye tope, hatua moja kutoka mkekani.

"Mama, nimekuja msibani," alisema. "Sitakula."

"Karibu, baba."

"Poleni sana." Kisha akanigeukia mimi, uso hauna mzaha wowote. "Na wewe mjane mdogo, pole."

Halafu akalia. Sikutegemea. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, kamasi zikimtoka, na bibi akaanza kulia pia, kilio kamili sasa, akimwita babu kwa jina la ukoo na kuhesabu mashamba aliyolima. Mimi nikaunga. Kilichonishangaza ni kwamba baadaye bibi alisogea ukingoni mwa mkeka na kumwambia, "Pole na wewe, baba. Pole mwanangu." Mfiwa anampa pole mgeni? Nilidhani uchungu umemchanganya.

Alikaa hadi adhuhuri. Kabla ya kuondoka alimwambia bibi kwamba atapita nyumba kwa nyumba kuwapangia watu zamu: mmojammoja, mikono inaoshwa, hakuna kula. Na walikuja kwelikweli, Mama Kulwa wa kwanza, safari hii bila mahindi, akinifinya shavu kwa nguvu iliyokuwa nusu msamaha nusu adhabu. Walikuja siku nne. Siku ya tano bibi aliniamsha asubuhi, akaniita mke mwenzake, akaniambia nishike ufagio. Tuliufagia uwanja wote, na usiku ule alilala kitandani.

Aliishi miaka mingine minane. Nina hamu naye hadi leo, na ningetoa vingi nilale tena chini kando yake nikimsikia anakohoa. Lakini kuna jambo nililochelewa kulijua, na aliyeniambia ni baba, nikiwa na miaka kumi na saba, siku tuliyomzika bibi. Mtendaji yule alikuwa amempoteza mama yake kwenye kambi ya wagonjwa, siku mbili baada ya kupita na kipaza sauti. Alizikwa na wahudumu. Yeye alirudi nyumbani, akafunga mlango kama alivyowaagiza wengine, na hakuna aliyethubutu kwenda kukaa kwake, kwa kuwa ndiye aliyekataza.

Bibi alijua. Kijiji kizima kilijua isipokuwa mimi, niliyemwona akilia nikadhani babu alikuwa rafiki yake mkubwa. Miaka yote nilihesabu kwamba siku ile uwanjani wafiwa tulikuwa wawili. Tulikuwa watatu.