Umetoa au Umetupa?

Nakumbuka asubuhi moja kule Morogoro, nikiwa msichana wa miaka kumi na saba, najifunza cherehani na maringo tele. Balozi wa nyumba kumi alipita akiomba kila kaya itoe nguo kwa wakimbizi wa Afrika Kusini waliokuwa wakiishi jirani yetu. Nikampa gauni lililochanika kwapani. Nilijiona mjanja kweli, maana kitenge changu kipya cha Idi kilibaki sandukuni.

Bibi yangu, aliyenilea, akalichomoa gauni furushini, akalitandaza magotini pangu mbele ya balozi.

"Hili umetoa au umetupa?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakunipiga, mwanangu. Alingoja tu, mpaka nikaenda mwenyewe kukileta kitenge. Nililia siku nzima, tena kwa hasira, si kwa toba. Bibi akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikajibu kimoyomoyo, mimi nimepona nini, na Idi nitavaa nini?

Haya, mmoja wa wageni wale ndiye aliyekuja kunioa. Nchi yake ilipokuwa huru akanileta Johannesburg, hapa Bertrams, ninaposhona mpaka leo.

Sasa serikali ya huku ilipoishtaki Israeli kwenye mahakama ya dunia kwa ajili ya watu wa Gaza, mjukuu wangu Lerato aliguna. Eish, Bibi, maji yenyewe yanakatika, mambo ya Gaza yanatuhusu nini? Na kwenye mfuko wa nguo nilizokuwa nikiwakusanyia watu wa Gaza akatia sweta lililotoboka kiwiko. Nikalitandaza magotini pake na kumuuliza swali la bibi yangu. Akanuna. Nikamweleza kuwa babu yake aliwahi kukosa nchi, akavishwa na watu ambao sukari yenyewe waliipangia foleni.

Siku majaji walipotoa amri tulikuwa mtaa wa Fordsburg, kwenye duka la nguo, tukifunga maboksi huku televisheni imewashwa. Wakaamuru misaada iachwe iingie Gaza. Wallahi, duka zima lilisimama! Tulipiga vigelegele mpaka wapita njia wakaingia. Vita havikuisha siku ile, sikudanganyi. Lakini watu niliowavisha kwa kinyongo walikuwa wamesimama mbele ya ulimwengu kumtetea mwingine, nami nikajiona tajiri wa kitenge kimoja. Nikamtafuta Lerato. Alikuwa ameketi chini, kavua raba zake mpya, anazitia kwenye boksi. Tulirudi nyumbani yeye na ndala za kuazima, anatembea kama malkia.

Basi mwanangu, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Usingoje shida zako ziishe ndipo uone za mwenzako, maana haziishi. Na ukitoa, toa kile ambacho ungekivaa wewe.

Mungu akupe mkono mwepesi. Na siku utakapokuwa mgeni, akukutanishe na mtu aliyelelewa na bibi kama wangu.